Kwaresima: Lipi Kweli, Lipi la Kusikia?

Kila mwaka, zikibaki siku chache kabla ya Jumatano ya Majivu, maswali huwa yale yale: kwenye jumuiya ndogondogo, kwenye daladala, kwenye kundi la WhatsApp la kwaya. Kuku ni nyama? Jumapili inahesabiwa? Mama anayenyonyesha afunge? Harusi ya mwezi wa tatu itakubaliwa? Majibu hutoka kwa yeyote mwenye sauti kubwa, na ndani yake mna sheria ya Kanisa, mazoea ya parokia, maneno ya marehemu bibi, na mengine ambayo asili yake haijulikani.

Kukosea kuhusu kuku hakumzuii mtu kufika mbinguni. Lakini yako makosa yanayomfanya Mkristo mwenye nia njema azimalize siku zote za Kwaresima akijishughulikia yeye peke yake. Amepungua uzito, ameokoa hela, amejisikia mtakatifu, na hakuna mtu mwingine hata mmoja aliyeguswa na mfungo wake. Ndiyo maana nayapa maswali haya uzito. Mfungo wa Kikristo haujatimia mpaka umfikie mtu wa pili, na karibu kila dhana potofu kuhusu Kwaresima ni njia ya kumkwepa mtu huyo.

“Kwaresima imekuwa siku 40 tangu enzi za mitume.”

Si kweli. Mitume hawakutuachia kalenda. Mwishoni mwa karne ya 2, Ireneo, askofu wa Lyon, alimwandikia Papa Viktori akimkumbusha kwamba Wakristo hawafungi sawasawa kabla ya Pasaka: wapo wanaofunga siku moja, wapo wa siku mbili, wapo wa zaidi, na wapo wanaohesabu saa 40. Siku 40 zinajitokeza katika karne ya 4. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya 5, unazitaja kama jambo ambalo watu wameshalizoea. Kielelezo chake kilikuwamo kwenye Maandiko tangu zamani: Musa mlimani Sinai, Eliya njiani kwenda Horebu, Yesu jangwani.

Sasa chukua kalenda ya ukutani. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Jumamosi Kuu utapata siku 46. Ondoa Jumapili 6, zinabaki 40. Wakati wa Papa Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604, Kwaresima ilianza siku ya Jumapili, na ukitoa Jumapili zote zilibaki siku 36 za kufunga. Yeye akaziona kuwa zaka ya mwaka, sehemu ya kumi ya siku zetu tunayomrudishia Mungu. Siku nne za mwanzo ziliongezwa baadaye ili kutimiza 40. Milano, ambako wanafuata liturujia ya Mtakatifu Ambrosi, mpaka leo Kwaresima yao inaanza Jumapili.

Kwa hiyo Jumapili si siku ya kufunga, na aliyeacha soda akainywa Jumapili hajavunja kitu. Jumapili ni siku ya Ufufuko hata katikati ya Kwaresima. Binafsi naona ni vizuri zaidi kuitumia kumkaribisha mtu mezani kuliko kufidia kilichokosekana juma zima, lakini huo ni ushauri, si sheria.

“Majivu yanaondoa dhambi.”

Si kweli. Majivu ni kisakramenti, alama inayomwandaa mtu. Sakramenti ya Kitubio ndiyo inayoondolea dhambi. Kwa sababu hiyo majivu hanyimwi mtu: mtoto, mkatekumeni, aliye katika ndoa isiyo ya Kanisa, hata asiyebatizwa anaweza kuyapokea. Tena Jumatano ya Majivu si sikukuu ya amri, ingawa makanisa yetu hufurika siku hiyo kuliko Jumapili nyingi.

Majivu yenyewe hutokana na matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Mtaguso wa Benevento wa mwaka 1091, chini ya Papa Urbano II, ndio uliohimiza yapakwe waamini wote, maana zamani yaliwahusu zaidi wale waliokuwa wakifanya toba ya hadharani. Si lazima yawe msalaba kwenye paji la uso. Italia huyanyunyiza utosini, na mwaka 2021, wakati wa janga la Uviko-19, Vatikano iliagiza padre ayanyunyize kimyakimya baada ya kutamka maneno mara moja kwa watu wote.

Kuna jambo ambalo wengi hawalisikii kwa sababu wanangoja foleni. Injili ya siku hiyo hiyo, sura ya 6 ya Matayo, inamwagiza anayefunga anawe uso wake, watu wasijue. Tunatoka kanisani na alama usoni tukiwa tumetoka kusikia agizo la kutojionyesha. Mambo hayo mawili hayapingani kama alama inatukumbusha sisi wenyewe. Yanapingana pale picha ya paji la uso inapowahi kuwekwa kwenye mtandao kabla mtu hajafika nyumbani.

“Mkristo hafungi kweli. Wanaofunga ni Waislamu.”

Maneno haya huyasikii sana kwa Waislamu. Huyasikia kwa Wakristo wenyewe, hasa Tanga, Zanzibar na Mombasa, ambako jirani anaamka usiku kula daku na kutwa nzima hagusi hata tone la maji. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 Machi. Nyumba zinazotazamana zilifunga pamoja karibu mwezi mzima. Ulinganisho haukwepeki, na Mkristo mara nyingi hutoka ameinamisha kichwa.

Ni kweli kwamba sheria ya sasa ya Kanisa Katoliki ni nyepesi. Siku za lazima kufunga ni mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kufunga maana yake ni mlo mmoja kamili kwa siku, pamoja na vyakula vidogo viwili ambavyo kwa pamoja havifikii mlo huo. Juu ya hapo kuna kujinyima nyama siku za Ijumaa. Lakini Ukristo wenyewe haujakosa mifungo mizito. Majirani zetu wa Kanisa la Tewahedo la Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Pasaka, bila nyama, mayai wala maziwa, na wengi wao hawatii kitu kinywani mpaka alasiri. Waorthodoksi nao huingia kwenye Mfungo Mkuu siku ya Jumatatu, hawana Jumatano ya Majivu kabisa, na huacha nyama na vyote vitokanavyo na mnyama.

Wepesi wa Wakatoliki una historia yake. Tarehe 17 Februari 1966 Papa Paulo VI alitoa hati iitwayo Paenitemini, akapunguza siku za lazima. Hakusema toba imepungua. Alitaka nafasi iliyoachwa wazi ijazwe na sala na matendo ya huruma. Tena hakuwapa wote mzigo mmoja. Kwa nchi zenye neema alidai ushuhuda wa kujinyima na wa kuwasaidia wenye njaa popote walipo. Kwa nchi ambako watu wanaishi kwa shida, alisema inafaa zaidi wayaunganishe mateso yao na msalaba katika sala, huku wakiendelea kupigania haki katika jamii kwa kila njia. Hati hiyo ilituona sisi. Tatizo ni kwamba tulipokea punguzo, tukaacha sharti lililoandamana nalo.

Na tukitaka kujifunza kwa jirani wa pwani, tusiishie kwenye saa za kukaa na njaa. Tutazame futari inayovuka ua na kumfikia hata asiyefunga. Tutazame zakatul-fitri, ambayo sharti itolewe kabla ya sala ya Idi ili maskini naye asherehekee. Kwake mfungo na kutoa havitenganishwi. Kwetu pia havikuwahi kutenganishwa, mpaka tulipovitenganisha wenyewe.

“Ijumaa sikula nyama, kwa hiyo nimefunga.”

Hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Kwanza sheria, tumalizane nayo. Nyama inayokatazwa ni ya wanyama wa nchi kavu na ndege. Kuku, basi, ni nyama. Samaki, dagaa, kamba, mayai na maziwa vinaruhusiwa. Aliyekula samaki Ijumaa ameitii sheria, hata kama ni samaki wa kupaka aliyelowa tui zito, na hata kama bei yake ingenunua kilo mbili za nyama ya ng’ombe. Ameitii sheria, ila mfungo bado hajauanza. Na kwa nyumba ambayo nyama huonekana Krismasi na Pasaka, sheria hii haidai chochote. Watoto wa nyumba hiyo wanajinyima nyama mwaka mzima bila kuulizwa.

Tukirudi kwenye Injili ya Jumatano ya Majivu, tuone mpangilio wake. Yesu anataja mambo matatu: sadaka, sala, kufunga. Anaanza na sadaka. Sisi tumeugeuza mpangilio huo. Kufunga kumepanda juu, sala imefuata, na sadaka imebaki noti iliyokunjwa ya dakika ya mwisho.

Wakristo wa mwanzo waliliona hili vizuri. Katika kitabu kiitwacho Mchungaji wa Herma, kilichoandikwa Roma katika karne ya 2, mwenye kufunga anapewa maelekezo ya wazi: siku hiyo ale mkate na maji, apige hesabu ya gharama ya chakula ambacho angekula, kisha fedha hiyo ampe mjane, yatima au mhitaji. Kukaa na njaa peke yake hakutoshi. Lazima hesabu ipigwe. Papa Leo Mkuu aliwahubiria Warumi jambo hilo hilo katika karne ya 5, kwamba alichojinyima anayefunga kiende kumshibisha maskini.

Nakipenda sana kipengele hicho cha hesabu, kwa sababu kinafunga mlango wa kujidanganya. Chukua mtu anayetumia shilingi 2,000 kila siku kwa soda na vitafunwa vya saa nne. Akiviacha siku 40, ana shilingi 80,000 mkononi. Kwa mwanafunzi wa shule ya msingi hiyo ni sare na madaftari. Mwingine ameacha bia mbili za kila jioni, naye hesabu yake ni kubwa zaidi. Swali langu kwa wote wawili ni moja: hela iko wapi? Ikiwa imelala kwenye simu ikisubiri Jumatatu ya Pasaka, basi alichofanya ni kuweka akiba, na bia za siku 40 zitanyweka kwa siku mbili. Tumewaona wanaofanya hivyo. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na shilingi 2,000 haimhitaji tajiri.

Hesabu hiyo ikipigwa na watu wengi inaweza kuvuka bahari. Mwaka 1958 Wakatoliki wa Ujerumani, kwa pendekezo la Kardinali Joseph Frings wa Köln, walianzisha Misereor ili matoleo yao ya Kwaresima yapambane na njaa na maradhi duniani. Fedha hizo zimekuwa zikija Afrika, Asia na Amerika ya Kusini tangu wakati huo. Kuna mtu huko aliyeacha kitu mezani kwake ili mtu asiyemjua atibiwe. Bahasha ya Kwaresima tunayopewa parokiani ina ukoo mmoja na sadaka hiyo, na haistahili kurudishwa na sarafu iliyookotwa mfukoni asubuhi ya Jumapili ya Matawi.

Lakini sadaka nayo inaweza kugeuka maficho. Ijumaa ya kwanza baada ya Jumatano ya Majivu, Kanisa husoma sura ya 58 ya Isaya. Watu wanamlalamikia Mungu: tumefunga, mbona hutuoni? Jibu la nabii si kuhusu chakula. Anawaambia kwamba siku ile ile ya mfungo wao, wanawakandamiza wafanyakazi wao. Kisha anautaja mfungo ambao Mungu anautaka: kuwafungulia walioonewa, kumgawia mwenye njaa, kumkaribisha asiye na mahali pa kulala, kumvika aliye uchi, kutojificha mbele ya ndugu yako wa damu.

Somo hili linaingia moja kwa moja kwenye nyumba zetu. Yuko dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri kupika uji wa mwajiri anayefunga, naye hajalipwa miezi miwili. Yuko bodaboda anayemdai mwanakwaya. Yuko fundi aliyemaliza kazi Januari na simu zake hazipokewi. Mwajiri huyo akitoa shilingi 80,000 kwenye bahasha ya Kwaresima wakati mshahara wa yule binti uko kwake, amegawa kitu kisicho chake. Deni la mfanyakazi halihesabiwi sadaka. Linalipwa kwanza, likishalipwa ndipo sadaka ianze.

“Mgonjwa akijikaza kufunga, thawabu yake ni kubwa zaidi.”

Si kweli, na hii ni ya hatari. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaweka mipaka ya umri. Kujinyima nyama kunamhusu aliyetimiza miaka 14. Kufunga kunamhusu aliyetimiza 18, na wajibu huo unaisha anapotimiza 59. Wagonjwa, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye kazi nzito za mikono hawabanwi. Mwenye kisukari anayejidunga insulini, au mwenye dawa zinazotaka chakula, asichezee ratiba yake kwa jina la Kwaresima. Amsikilize daktari, na kujinyima kwake akupeleke kwingine: kwenye simu, kwenye televisheni, kwenye ulimi.

Hekima hii si ya jana. Toma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza kama maskini wanapaswa kufunga. Akajibu kwamba mwenye uwezo wa kupata mlo mmoja wa kumtosha anaweza kufunga. Lakini yule anayeombaomba kipande hapa na kipande pale, asiyepata hata siku moja chakula cha kumshibisha kwa mara moja, huyo hafungwi na sheria. Mwanateolojia mkubwa kuliko wote wa zama zake alikaa akamfikiria ombaomba mmojammoja na tonge lake. Na sisi tunapomwona mzee wa mtaani akila mchana wa Ijumaa Kuu, tungoje kidogo kabla ya kunong’onezana.

“Ni marufuku kufunga ndoa wakati wa Kwaresima.”

Nusu kweli. Taratibu za liturujia zinakataza ndoa Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu. Siku nyingine za Kwaresima padre anatakiwa kuwashauri maharusi waheshimu hali ya kipindi. Kwamba parokia nyingi hazifungishi ndoa kabisa hadi Pasaka ni desturi ya mahali, nayo ni ya kuheshimiwa. Muulize paroko kabla ya kulipia ukumbi.

Kuhusu nyimbo: ni kweli kwamba Aleluya haiimbwi tangu Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka. Utukufu nao hunyamaza, isipokuwa sherehe kama ya Mtakatifu Yosefu tarehe 19 Machi na Kupashwa Habari Bikira Maria tarehe 25 Machi, na Misa ya jioni ya Alhamisi Kuu.

“Kwaresima ni ya Wakatoliki.”

Si kweli. Ni kweli kwamba Matengenezo ya Kanisa yalitikisa sheria za mfungo. Mwaka 1522, mjini Zürich, soseji zililiwa wakati wa Kwaresima nyumbani kwa mchapaji Christoph Froschauer. Huldrych Zwingli alikuwapo, hakula, lakini baadaye alihubiri akitetea uhuru wa Mkristo katika vyakula. Kilichopingwa kilikuwa kulazimisha, na kuhesabu mfungo kama malipo ya wokovu. Martin Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anakubali kwamba kufunga ni mazoezi mema ya nje, ila anayestahili meza ya Bwana ni mwenye imani. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kinaziorodhesha siku 40 za Kwaresima miongoni mwa siku za kufunga. Wamoraviani wana desturi ya siku nyingi ya kusoma habari za mateso siku baada ya siku katika Juma Kuu.

Tofauti za kweli zipo, hasa kuhusu Kitubio na thamani ya matendo, na hazifai kufichwa. Hata hivyo Mlutheri na Mkatoliki wa mtaa mmoja wana Isaya mmoja na Matayo mmoja, na yule mjane wa nyumba ya tatu hatauliza chakula kimetoka usharika gani.

“Kwaresima ni kipindi cha huzuni.”

Si kweli, ingawa zambarau, ukimya na Njia ya Msalaba ya kila Ijumaa vinaweza kumdanganya mtu. Kwaresima ilikua pamoja na ubatizo. Hija mmoja mwanamke, Egeria, aliyefika Yerusalemu mwishoni mwa karne ya 4, anaeleza jinsi waliojiandaa kubatizwa Pasaka walivyofundishwa na askofu kwa muda wa saa tatu kila siku katika majuma hayo. Wakristo wengine walifunga wakiwasindikiza. Jamii nzima ilikuwa na kazi moja, kuwafikisha wageni wale kisimani.

Historia yetu inaifahamu njia hiyo. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadre Weupe waliofika Uganda mwaka 1879, aliagiza ukatekumeni wa miaka minne kabla ya ubatizo, kwa sababu alitaka imani iliyokomaa. Leo wakatekumeni watu wazima bado wanatajwa mbele ya kanisa Jumapili ya kwanza ya Kwaresima, na Jumapili ya tatu, ya nne na ya tano wanaombewa pamoja na Injili za Mwanamke Msamaria, kipofu tangu kuzaliwa, na Lazaro. Waulize waamini wa parokia yako majina ya wakatekumeni wa mwaka huu. Wengi hawataweza kutaja hata mmoja. Kumjua mmoja wao, kumtembelea, kumwahidi kusimama naye usiku wa Mkesha, ni Kwaresima nzuri kuliko kuacha sukari kwenye chai.

“Ni jambo la moyo wangu na Mungu, halihusu mambo ya nchi.”

Si kweli. Nchini Kenya, Tume ya Haki na Amani ya maaskofu Wakatoliki huendesha Kampeni ya Kwaresima kila mwaka. Kila juma lina mada na kisa cha maisha, iwe ni ufisadi, ardhi, vijana au familia, na jumuiya ndogondogo hukaa, husoma, hujadili na kuamua la kufanya. Jumuiya hizo zenyewe ni mtindo ambao maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia umoja wao uitwao AMECEA, waliufanya kipaumbele katika miaka ya 1970, ili imani iishi pale watu wanapojuana kwa majina. Tanzania, Baraza la Maaskofu Katoliki hutoa Ujumbe wa Kwaresima. Ule wa mwaka 2018 ulisomwa makanisani na kuzungumziwa nchi nzima, kwa sababu maaskofu waligusa uhuru wa kisiasa na wa vyombo vya habari. Wako waliouliza maaskofu wanatafuta nini huko. Walioisoma Isaya 58 walikuwa na jibu.

Natamani ujumbe wa kila mwaka usomwe kwa uzito wake wote, si kurasa mbili za haraka kabla ya matangazo. Na jumuiya ikishausoma, iulize: katika mtaa wetu hili linamhusu nani, na tunaanza lini?

“Aliyekosa Jumatano ya Majivu ameikosa Kwaresima.”

Si kweli. Hakuna mlango unaofungwa siku hiyo. Kitubio kipo majuma yote, na anayewahi mapema hupata padre mwenye nafasi ya kumsikiliza, kuliko anayepanga foleni Jumatano ya Juma Kuu. Hata aliyepoteza nusu ya kipindi ana nusu iliyobaki. Waorthodoksi, usiku wa Pasaka, husoma hotuba inayohusishwa na Yohane Krisostomo, ambayo inawaalika mezani waliofunga tangu mwanzo na waliochelewa hadi saa ya kumi na moja, kama wale vibarua wa shamba la mizabibu. Anayetaka kuanza leo aanze na simu ile ya fundi ambayo hajaipokea tangu Januari.